Siku Ambayo Bakuli Halikuanguka

Mimi sikusoma shule, wala sitaki mtu anihurumie kwa sababu hiyo. Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Fortunata, na nimemwonya tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kuandika ninayosema, si kuyapamba. Ninyi vijana mnaoendesha mitambo hapa Sumbawanga mlinifanyia sherehe ya kustaafu, mkanivisha kitenge, mkaniomba niwaachie maneno machache kuhusu kazi. Katika sherehe hiyo mmoja wenu alishika kipaza sauti akasimulia kisa changu cha mteremko wa Kipili. Alikisimulia vibaya, na nyote mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Nitakisimulia upya kwa utaratibu wake, ili atakayekiharibu tena ijulikane kwamba amekiharibu kwa kusudi.

Nilizaliwa Mollo, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi. Baba alikuwa na ng'ombe wa plau na hakuwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo plau niliishika mimi. Niliolewa, nikamzaa Deo, nikafiwa na mume mapema, nikarudi kwenye plau ile ile. Kampuni ya barabara ilipokuja kukata udongo kando ya shamba letu, wafanyakazi wake walikuwa wakipumzika mtaroni na kunitazama nikilima. Walicheka. Mmoja wao hakucheka. Huyo alikuwa Fundi Katepa, mkuu wa mafundi wa mitambo, Mfipa mwenzangu, mtu mrefu aliyevaa ovaroli ambayo rangi yake ilikwisha kumezwa na grisi. Aliruka mtaro akaja hadi nilipokuwa.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Hao ng'ombe wanne unawageuzaje ukingoni bila kuwapigia kelele?"

"Huwa naanza kuwageuza kabla hawajafika ukingoni."

"Nani alikufundisha?"

"Ng'ombe wenyewe."

Fundi aliwageukia wenzake pale mtaroni. "Mmemsikia? Ninyi huanza kukata kona mkishaingia mtaroni. Ndiyo maana sina siku ya kupumzika kuchomelea."

Kabla mavuno ya mwaka huo hayajaisha alikuwa amenipandisha kwenye skrepa. Waliosema mwanamke hawezi walisema. Majina yao nayakumbuka vizuri, na sitawapa heshima ya kuandikwa hapa.

Kwa asiyeijua, skrepa ni mtambo mrefu wenye tumbo kubwa la chuma katikati, tunaloliita bakuli. Kwenye mdomo wa bakuli, upande wa chini, kuna bledi, yaani kisu kirefu kilichofungwa kwa bolti. Unashusha bakuli, bledi inakula udongo, bakuli linajaa, unalinyanyua na kwenda kuumwaga pale panapotakiwa tuta. Kazi yote hiyo ya kushusha, kunyanyua na kumwaga hufanywa na oili inayosukumwa na pampu, ikapita katika mipira na kuingia kwenye silinda. Hiyo ndiyo haidroliki. Watu huiogopa kwa sababu ya jina lake.

Siku ya kwanza Fundi hakuniruhusu kuwasha injini. Alinizungusha mtambo mzima, akanishikisha kila mpira na kila silinda, akaniuliza oili inatoka wapi na inakwenda wapi, mpaka nikaweza kumjibu nikiwa nimeupa mtambo mgongo. Kisha alikifuta kifuniko cha tangi kwa kitambaa safi kabla ya kukifungua, kwa maana chembe ya mchanga ikiingia ndani huila pampu kama mchwa wanavyokula nguzo. Akanionyesha oili nzima ilivyo. Ukiiona imekuwa kama togwa, alisema, maji yameingia. Ukiiona ina povu kama pombe ya ulezi, inavuta hewa mahali. Na pampu ikilia, zima mtambo utafute inalilia nini. Walikuwapo wenzetu waliotibu pampu inayolia kwa kuimba kwa sauti kubwa kuliko yake. Kampuni ilinunua pampu nyingi.

Kila asubuhi, kabla mtambo haujatoka kambini, tulifanya kile tulichokiita kipimo cha uji. Fundi aliagiza bakuli linyanyuliwe hadi juu, injini izimwe, na mtu yeyote asiguse leva, yaani vishikio vya kuongozea bakuli, wala kukaribia. Halafu alichukua kipande cha mkaa jikoni, akachora mstari kwenye fimbo ya silinda, ule mhimili unaong'aa, mahali unapoingilia. Kisha sote tulikwenda kunywa uji. Tukirudi na kuukuta mstari pale pale, sili, yaani vizibo vya ndani ya silinda, ni nzima na oili imefungika. Tukiukuta umesogea, kuna mahali oili inapenya, na mtambo hautoki. Fundi alipenda uji wa moto sana na alikunywa kwa adabu, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa kirefu kuliko cha kambi nyingine.

Alikuwa na sheria ya pili. Bakuli likiwa juu, kinacholishikilia ni oili peke yake. Pini za kulifungia zilikwisha kupotea kabla mimi sijaajiriwa, mitambo yetu ikiwa imepita katika mikono mingi. Kwa hiyo tulibeba magogo ya mkaratusi. Hakuna mwili wa mtu ulioruhusiwa kuingia chini ya bakuli mpaka magogo yasimamishwe na bakuli lilazwe juu yake. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ni ya Fundi Katepa, na nilikuwapo alipomfukuza mtu kazini kwa kuivunja.

Niliijua thamani yake tulipokuwa tukijenga upande wa Laela. Opereta mwenzangu, Ezekieli, mtu mpole aliyependa utani, aliona unyevu kwenye mpira mmoja wa mtambo wake huku injini ikinguruma. Mpira huo asubuhi ulikuwa mzima. Niliukagua mimi pamoja naye. Akapitisha kidole kutafuta panapovuja. Oili yenye msukumo ikitoka katika tundu dogo huwa haionekani, na huingia mwilini kama sindano. Hakupiga hata kelele. Alitazama kidole, akasema, "Kumbe," kisha akakaa chini. Alirudi kutoka hospitali bila kidole hicho. Tangu siku hiyo natafuta mvujo kwa kipande cha boksi, nikiwa mbali, nanyi fanyeni hivyo hivyo. Jambo jingine nililobaki nalo ni hili: oili haimpi mtu taarifa. Kilichokuwa kizima asubuhi kilikuwa kizima asubuhi.

Miaka ilipita, kazi ikatufikisha kwenye mteremko unaotoka uwandani kwenda Kipili, ziwani. Kambi yetu ilikuwa juu, penye baridi, ambako asubuhi tuliwasha mitambo tukiwa tumejifunga blanketi. Kazi yenyewe ilikuwa chini, ambako kabla ya adhuhuri chuma cha kiti kilikuwa hakikaliki. Nilianza kuona kwamba leva za asubuhi na leva za mchana si zile zile. Oili iliyokuwa nzito kule juu Ufipa ilikuwa ikifika chini nyepesi kama maji. Nikamwambia Fundi mbele ya watu, kwa heshima zote:

"Fundi, uji tunakunywa oili ikiwa baridi. Kwa nini tusipime na mchana, ikiwa ya moto?"

"Mchana nani anakunywa uji, Mama Deo?"

Watu walicheka. Alipoona sicheki, aliongeza kwa sauti ya chini: "Sili hizo nimezifunga kwa mikono yangu."

Hapo nikafahamu kwamba hatuzungumzii oili tena.

Msimamizi wetu mteremkoni alikuwa Bwana Shabani, mzaliwa wa Kipili, mtu mwenye haraka ambaye baba yake na ndugu zake walikuwa wavuvi. Barabara ile ilikuwa inakwenda kwao, na kila alipowapigia simu aliwaahidi kwamba inafika. Msimu wa mvua ulikuwa umekaribia. Tulikuwa tumekata ubavu wa mlima na kuacha udongo mtupu, na tuta la kuushikilia lilibaki kidogo tu likamilike. Mvua ingelikuta lile tuta halijafungwa, kazi yote ingeteremka ziwani.

Mchana mmoja mawingu yalijikusanya upande wa Kongo, na wakati huo huo bledi ya skrepa yangu ikagonga jiwe, bolti zikakatika, ikaning'inia upande mmoja. Mitambo mingine ilikuwa juu. Skrepa iliyokuwa chini ni yangu peke yake. Fundi Katepa alikuja na spana zake na bledi mpya. Nikamwona anavua kofia, anataka kulala chini.

"Nyanyua bakuli, ushikilie hapo," aliniambia.

"Magogo yako wapi, Fundi?"

"Yamebaki kambini. Lori lilijaa mapipa ya dizeli. Nyanyua."

Nililaza bakuli ardhini, nikazima injini.

Nataka mwelewe nilichokuwa nakifanya. Huyu ndiye mtu aliyenitoa kwenye plau. Kila nilichokijua kuhusu mtambo ule kilitoka kinywani mwake, na sasa nilikuwa namkatalia mbele ya wafanyakazi wote. Hata mimi mwenyewe nilisikia jinsi kitendo hicho kilivyo kizito.

"Mama Deo," alisema taratibu, "mimi nilikuwa nalala chini ya mitambo hii wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

"Ndiyo, Mzee. Na ulilala bakuli likiwa juu ya magogo."

"Unanifundisha mimi?"

"Nakukumbusha ulichonifundisha."

Bwana Shabani alifika akihema. "Kuna nini hapa? Mvua ile hamuioni?"

"Naiona, Bwana Shabani. Tuma lori lifuate magogo."

"Lori liende kambini lirudi, mvua itakuwa imekwisha kunywa chai hapa! Shuka kwenye kiti."

"Sishuki."

"Ezekieli! Panda wewe."

Ezekieli alikuwa amesimama kando, mkono wake uliopungua kidole ukiwa mfukoni. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akasema: "Nitapanda wapi, Bwana Shabani? Kiti kina mtu."

Mmoja wa vibarua alicheka, akanyamazishwa. Basi Bwana Shabani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatafuta njia. Alisema, "Huyu mama siku zote analilia kipimo cha mchana. Haya, mchana ndio huu, oili ni ya moto. Kipimeni. Kikishika, Fundi anaingia na maneno yamekwisha. Sawa?"

"Kipimo nitakifanya," nilijibu. Sikusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyeuliza.

Niliwasha, nikanyanyua bakuli hadi juu, nikazima. Fundi mwenyewe alichora mstari kwa mkaa. Uji haukuwapo, kwa hiyo Bwana Shabani aliwasha sigara, na sote tukasimama mbali tukitazama fimbo ile iking'aa juani, isipokuwa mimi niliyebaki kitini. Sigara ikaisha. Fundi akaenda, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akainuka akiwa na uso wa mtu aliyerudishiwa heshima yake.

Mstari ulikuwa pale pale. Oili ilikuwa ya moto, sili zilikuwa nzima, mikono ya Fundi Katepa ilikuwa imefanya kazi safi. Watu walishangilia.

"Umeona?" aliniambia.

"Nimeona. Kazi yako ni nzuri, Fundi. Magogo yako wapi?"

Nikalaza tena bakuli ardhini.

Sitasimulia yote niliyoambiwa hapo, maana Fortunata ni mtoto wa kwaya. Fundi alihamia kwenye Kifipa, lugha anayoitumia mtu anapotaka maneno yaingie, akaniita mkaidi, asiye na shukrani, mtu aliyepandishwa kiti akasahau ardhi. Nilimjibu kwa lugha ile ile kwamba mstari umenieleza oili imefanya nini wakati hakuna mtu chini. Haukuniahidi itafanya nini akiwepo. Mpira wa Ezekieli nao ulikuwa mzima asubuhi. Akitaka kuingia, aingie chini ya bakuli la opereta mwingine. Mimi mkono wangu hautakuwa kwenye leva juu ya kifua chake.

Lori lilitumwa. Lilipokuwa njiani mvua ilifika, mvua ya kwanza ya msimu, nayo haikuja kwa utani. Tuliliona tuta likilainika, likipasuka, kisha ubavu mzima wa udongo ukaondoka kwa sauti ndogo kuliko nilivyotegemea, ukaelekea bondeni. Kazi ya miezi. Bwana Shabani alisimama mvuani bila kofia. Alipofungua kinywa alisema tu, "Mama Deo, ndugu zangu nitawaambia nini?" Hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi yote, na bado linaniuma.

Niliondolewa kwenye mtambo. Hawakunifukuza, walinirudisha nyumbani nisubiri kuitwa, jambo ambalo kila mfanyakazi wa barabara anajua maana yake. Nikarudi Mollo, nikashika jembe. Majirani waliuliza habari za skrepa. Niliwajibu kwamba haijambo.

Mvua zilipokwisha na mahindi yakiwa yamekauka, nilikuwa nikipukuchua uani, nikamwona Fundi Katepa anaingia langoni. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimwamkia, nikampa kigoda. Alikaa, akachukua gunzi moja, akaligeuzageuza.

"Tunarudi kule mteremkoni," alisema. "Sina opereta."

"Ezekieli yupo."

"Ezekieli amesema kiti kina mtu."

Niliendelea kupukuchua.

"Sijaja kusema ulikuwa sahihi," alisema. "Sili zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima, Fundi. Wala sijakuuliza."

"Bakuli lisingeanguka."

"Pengine lisingeanguka."

Alilitupa lile gunzi kwenye rundo. "Magogo yako yako kwenye lori. Nimeyakata mapya. Usinicheleweshe."

Tuliimaliza barabara ile. Bwana Shabani aliteremka nayo hadi ziwani, akaniletea migebuka, samaki wa ziwa lile, waliokaushwa na mama yake. Fundi hakulala tena chini ya bakuli langu pasipo magogo, ingawa kila mara aliagiza kwa dharau ya makusudi, "Leteni magogo ya mkorofi!" Jina hilo lilienea kambi zote, na likawa jina la magogo hata kwa vijana wasiojua mkorofi ni nani. Kipimo cha mchana nacho kilibaki. Wakakiita kipimo cha sigara, hata baada ya Bwana Shabani kuacha kuvuta.

Sasa nafika kwenye sherehe yenu. Kijana aliyeshika kipaza sauti alisema kwamba nilipokataa, kipimo kilipofanyika, bakuli lilianguka kwa kishindo mbele ya macho ya wote, na Fundi Katepa akapiga magoti kunishukuru. Nafahamu kwa nini mnalipenda hilo. Nilipofika hapa hata Fortunata aliweka kalamu chini.

"Bibi," alisema, "hawa watasoma. Si tuseme basi lilishuka kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kiganja tu. Ili waelewe."

"Waelewe nini?"

Swali hilo nawajibu ninyi kupitia kwake. Mkilifanya lianguke, mtakuwa mmewafundisha wanaokuja kwamba mtu anakataa pale tu chuma kinapomuunga mkono. Atakapokuja opereta mwingine, na mstari wake usisogee, na msimamizi wake akawa na ndugu wanaosubiri barabara, na mvua ikiwa njiani, atasema: la Mama Deo lilianguka, hili langu halijaanguka. Atanyanyua. Na mtu ataingia.

Bakuli halikuanguka. Halikushuka hata kwa unene wa ukucha. Tuta lilibomoka kwa sababu yangu, na kama jambo lile lingekuwa la kurudiwa, mteremko ule ule na mvua ile ile, ningelaza bakuli ardhini na kuuliza magogo yako wapi. Fundi Katepa aliishi akazeeka, akalalamika habari za magoti yake kwa kila aliyemtembelea, akafa kitandani kwake, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya blanketi. Hakuwahi kuniambia kwamba nilifanya vema. Nilikaa kando ya kitanda kile, nikaitazama ile mikono, na sikuhitaji aniambie.

Andika hivyo hivyo, Fortunata. Kisha unisomee, nisikie kama umeongeza neno.